Pinde za Wadakota na rangi zake: safari kutoka Bdote hadi Santee

Jumatatu, Bdote

Mahali mto Minnesota unapoingia katika Mississippi, baina ya miji ya Minneapolis na Saint Paul, Wadakota, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, hupaita Bdote, na wengi wao huhesabu kwamba nchi yao ilianzia hapo. Juu ya genge linalotazama makutano hayo ipo ngome ya Fort Snelling, ambayo jeshi la Marekani lilifika kuianzisha mwaka 1819. Nimeifanya kituo cha kwanza kwa sababu baadhi ya vitu vya kale vya Wadakota vilivyotunzwa vizuri vilipitia hapa. Daktari wa jeshi Nathan Sturges Jarvis, aliyehudumu ngomeni kuanzia 1833 hadi 1836, alikusanya mavazi, silaha na vyombo vya watu wa eneo hili, na mkusanyo wake sasa umo katika Brooklyn Museum, New York. Naye Seth Eastman, mchoraji aliyekuwa pia afisa wa jeshi, alikaa hapa mara mbili, mara ya pili kati ya 1841 na 1848, akawachora Wadakota wakiwinda, wakicheza na wakihama.

Ninachokifuata ni rangi. Waandishi wengi wa habari za pinde hueleza kwa kirefu mti uliotumika, kimo cha upinde na nguvu ya kuuvuta, kisha humaliza kwa kusema tu kwamba umepambwa, kana kwamba rangi iliongezwa baada ya kazi kwisha. Mimi nimekulia Kitui, katika nchi ya Wakamba, ambako upinde ni jambo la heshima, na maelezo hayo hayajawahi kuniridhisha. Nataka kujua rangi ya upinde wa Kidakota ilichimbwa wapi, ilishikizwa kwa kitu gani, na nani alikuwa na haki ya kuipaka.

Ni lazima kwanza kutenganisha mambo mawili. Wadakota wa mashariki, yaani Mdewakanton, Wahpekute, Sisseton na Wahpeton, waliishi kati ya misitu, maziwa na mbuga, na mwindaji wao alikwenda kwa miguu au kwa mtumbwi, hivyo upinde wake ungeweza kuwa mrefu na wa mti mtupu. Ndugu zao wa magharibi, Yankton na Yanktonai, pamoja na Walakota walio mbali zaidi, walipata farasi katika karne ya 18, na upinde ukafupishwa hadi mita moja na kidogo ili mpandaji aweze kuuvusha upesi kutoka upande mmoja wa shingo ya farasi hadi mwingine. Mti mfupi hupasuka ukivutwa sana, na ndiyo maana wengi waliufunika mgongo wa upinde kwa kano za wanyama.

Jioni nimeshuka bondeni chini ya ngome. Baada ya vita vya 1862 kati ya Wadakota na Marekani, watu wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa hapa majira yote ya baridi, na wengi wakafa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilifuta mikataba, na waliosalia wakapakiwa katika meli za mvuke kuelekea Crow Creek, kwenye mto Missouri. Watu waliotolewa makwao namna hiyo hawakuulizwa majina ya wenye vitu vilivyobaki nyuma.

Jumanne, Mankato

Barabara inaufuata mto Minnesota kuelekea kusini-magharibi na kupita Traverse des Sioux, ambako mkataba wa tarehe 23 Julai 1851 uliwanyang'anya Wasisseton na Wawahpeton sehemu kubwa ya ardhi yao. Sikukaa hapo. Nilitaka kufika mapema mahali ambapo mto Blue Earth unaungana na Minnesota, kwenye bustani ya mji wa Mankato, kwa sababu katika bonde hili ulichimbwa udongo wa rangi iliyo kati ya samawati na kijani ambao Wadakota waliutumia kujipaka na kupaka vitu vyao.

Udongo huo umewahi kumpumbaza Mfaransa. Mwaka 1700 Pierre-Charles Le Sueur alipanda Mississippi hadi hapa, akajenga ngome ndogo iliyoitwa L'Huillier, akachimba udongo wa kijani akiamini kwamba ndani yake mna shaba, na akaupeleka kwa meli hadi Ufaransa. Shaba haikuwamo. Nimekaa ukingoni nikilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kwani wenyeji walikuwa wanajua thamani halisi ya kitu kilekile, nayo ilikuwa rangi. Samawati na kijani zilizokaa juani bila kupauka hazikuwa rahisi kupatikana mbugani, na asiyekuwa na machimbo alilazimika kubadilishana na mwenye nayo.

Wekundu ulikuwa na njia zaidi ya moja. Udongo mwekundu wenye chuma, aina ileile ambayo maseremala wa pwani yetu huita ngeu na kuitumia kupigia mistari ya kukatia mbao, ulipatikana sehemu nyingi. Pale ulipokosekana, udongo wa manjano ulichomwa taratibu: joto huyafukuza maji yaliyoshikamana na chuma chake, na rangi hugeuka kuwa nyekundu. Biashara ya manyoya nayo ilileta zinjifuri kutoka China, unga wa zebaki na salfa wenye wekundu mkali, uliouzwa katika vifurushi vidogo vya karatasi. Wadakota waliipenda, na wanunuzi wa manyoya waliifahamu vyema hamu hiyo. Nyeusi ilitokana na makaa, nyeupe na udongo mweupe.

Kabla ya giza nimepita kwenye bustani ya kumbukumbu iliyo karibu na reli. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa mjini humu kwa wakati mmoja, na hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambapo watu wengi kiasi hicho walinyongwa pamoja kwa amri ya serikali. Nimesoma majina yao hadi mwisho.

Jumatano, karibu na Morton

Wenyeji wa Lower Sioux, eneo la jamii ya Wadakota, hupaita mahali hapa Cansa'yapi, mahali ambapo miti ilitiwa alama nyekundu. Nimepokewa na mzee anayetengeneza pinde, ambaye ameomba nisimtaje kwa jina. Aliniita mjukuu wake, kama anavyowaita vijana wote wanaofika kwenye karakana yake, akaniketisha karibu na jiko na kunionya nisiguse kitu kabla ya kuambiwa.

Mti wake mkuu ni eshi. Huukata wakati wa baridi, utomvu ukiwa umeshuka, akichagua shina lililonyooka na lisilo na vifundo, kisha hulipasua kwa kabari badala ya msumeno ili ufa ufuate nyuzi za mti wenyewe. Zamani kipande kilitundikwa juu ndani ya tipi, yaani hema la ngozi, ambako moshi ulikikausha polepole huku kikipakwa mafuta mara kwa mara. Yeye hukiweka darini kwa mwaka mmoja au zaidi. Ana vipande vingi kuliko anavyoweza kumaliza, na sababu yake inasikitisha: mdudu wa kijani aliyeletwa na biashara kutoka Asia aligunduliwa Saint Paul mwaka 2009, na tangu hapo anaua miti ya eshi katika sehemu nyingi za jimbo kwa kula chini ya gome. Mzee hukusanya sasa kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa. Hutumia pia cheri mwitu, ambao ni mgumu zaidi kuupata ukiwa umenyooka kwa urefu unaotosha.

Kano alizonionyesha zilitoka kwenye mgongo wa baisani, nyati wa Marekani, zikiwa zimekauka na kuwa bapa na za rangi ya asali. Huzipondaponda hadi zichambuke kuwa nyuzi, huziloweka katika gundi iliyochemshwa kutokana na mabaki ya ngozi, kisha huzilaza moja moja juu ya mgongo wa upinde. Zinapokauka husinyaa, na kwa kusinyaa huuvuta upinde urudi nyuma, hivyo upinde huwa umekwisha kukaza kabla upote haujafungwa. Upote wenyewe ni kano zilizosokotwa. Adui wa yote hayo ni unyevu. Gundi hulainika, kano hulegea, upote hurefuka, na upinde uliokuwa tayari asubuhi huweza kuwa bure ifikapo adhuhuri ya mvua.

Hapo ndipo rangi ilipoingia katika mazungumzo, wala si mimi niliyeianzisha. Mzee alichukua upinde uliokwisha kukauka, akapaka gundi nyembamba iliyochanganywa na udongo mwekundu juu ya kano zote, tabaka la kwanza, la pili, kisha mafuta. Alinieleza kwamba tabaka hilo huziba nafasi kati ya nyuzi na kuyapa mafuta mahali pa kukaa, na kwamba upinde wenye mgongo wa kano usiopakwa chochote haudumu. Kwa hiyo wekundu wa mgongoni una kazi ya ngozi. Brashi yake ilikuwa kipande cha mfupa wa baisani kilichokatwa penye sehemu ya ndani yenye vitundu, ambayo hunywa rangi na kuitoa polepole. Kwa mistari myembamba alitumia kijiti kilichotafunwa ncha.

Tumbo la upinde, yaani upande unaomtazama mpigaji, alilishughulikia kwa namna nyingine kabisa. Aliufikisha upinde dirishani, akaniomba nitoke nje kwa muda, na niliporudi mistari ilikuwa imekwisha kuwekwa. Ninaruhusiwa kusema kwamba kulikuwa na samawati na nyekundu, na kwamba mistari haikuwa nasibu. Umbo lake siruhusiwi kulichora wala kulieleza. Mistari ya kupinda-pinda inayoonekana kwenye vitu vingi vya watu hawa hufungamanishwa na umeme wa radi na viumbe wa ngurumo waitwao Wakinyan, na hilo limeandikwa tangu zamani. Lakini mpangilio wa mistari ya mtu fulani, uliotokana na ndoto yake au uliorithiwa kwa idhini, ni mali yake kama vile jina lake. Mzee alisema kwamba anayenakili mistari hiyo kutoka kwenye picha na kuipaka juu ya upinde wa kuuza hajatengeneza upinde wa Kidakota hata kama mti na kano ni sahihi. Nimeamini, na katika kumbukumbu hizi nitaheshimu mpaka huo.

Mchana tulihamia kwenye mishale, na hapa sheria ya rangi ilikuwa wazi zaidi. Kila mwindaji alikuwa na pete zake za rangi karibu na manyoya ya mshale, kwa mpangilio wake mwenyewe. Baada ya kundi la wapanda farasi kuwafukuza baisani na wanyama kuanguka mbugani, mshale uliochomoka kwenye mzoga ndio uliosema nani aliyeua, na kwa hiyo ngozi na nyama zigawanywe namna gani. Pete hizo zilikuwa ushahidi mbele ya watu wazima wote wa kambi. Mishale yenyewe hupimwa kwa mwili wa mwenyewe, na pembeni mwa uti wake mara nyingi huchongwa mifereji membamba ya kupinda. Wengine husema huusaidia usipinde, wengine husema ni umeme uleule. Manyoya ni ya bata mzinga. Ya tai yanalindwa na sheria ya 1940, na Wadakota waliosajiliwa huyaomba kutoka ghala la serikali lililoko Colorado.

Nilimweleza kuhusu Kitui. Mshale wa Mkamba wa zamani ulibeba sumu ya mti, na hivyo upinde ulihitajika tu kuufikisha ndani ya ngozi. Kazi iliyobaki ilifanywa na sumu. Mdakota aliyempanda farasi ubavuni mwa baisani hakutumia sumu. Alitegemea nguvu ya upinde mfupi uliovutwa kwa umbali wa hatua chache, na ncha ya mshale ya jiwe, baadaye ya chuma kilichokatwa kutoka kwenye pete za mapipa, iliyoingia nyuma ya mbavu na kumwaga damu. Mzee alitikisa kichwa, akaniuliza ni nani kwetu aliyetunza sumu nyumbani penye watoto, na tukalizungumza hilo hadi jiko likapoa.

Alhamisi, Jeffers

Siku fupi. Katikati ya mashamba ya mahindi na soya, karibu na Comfrey, kuna mwamba mwekundu uliolala wazi, na juu yake maelfu ya michoro iliyochongwa na watu kwa vizazi vingi sana, mingine ikikadiriwa kuwa na umri wa miaka 7,000. Wadakota na mataifa mengine huja kusali hapa. Nilishauriwa kusubiri jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mchana mwamba huonekana mtupu.

Jioni ilipofika wanyama walijitokeza mmoja mmoja: baisani, kasa, ndege wa ngurumo. Nilichokuja kukiona hasa ni silaha. Kuna michoro ya kirushio, kijiti chenye ndoano ambacho mwindaji alikitumia kurefusha mkono wake na kurusha mkuki mwepesi kwa kasi kubwa. Kilitumika hapa kwa maelfu ya miaka kabla ya upinde kufika sehemu hizi katika karne za katikati za milenia ya kwanza baada ya Kristo. Wapo wanaosimulia upinde kana kwamba ulizaliwa pamoja na mbuga hizi; mwamba unaonyesha kwamba ulikuja, ukakubaliwa, na ukashika nafasi ya silaha ambayo nayo ilikuwa imeheshimiwa kiasi cha kuchongwa kwenye jiwe gumu. Kuweka alama juu ya silaha, na kuweka silaha miongoni mwa alama, ni desturi iliyoutangulia upinde.

Ijumaa, bonde la Missouri

Nimevuka mpaka kuingia South Dakota na kupita Vermillion, mji uliopewa jina la rangi nyekundu ya mto wake, bila kusimama isipokuwa kununua chai.

Jumba la makumbusho nililoandikiana nalo tangu majira ya kuchipua liko katika mji mdogo ambao sitautaja. Kabati moja ukumbini limefunikwa kwa karatasi ya kahawia. Sheria ya shirikisho ya 1990 inazitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuorodhesha na kurudisha mabaki ya wafu na vitu vitakatifu vya mataifa ya asili, na kanuni mpya zilizoanza Januari 2024 zimeongeza kwamba vitu vya aina hiyo visionyeshwe wala kuchunguzwa bila idhini ya wenyewe. Kwenye upinde niliokwenda kuuona, kibandiko kilisema maneno mawili tu, upinde na jina la zamani ambalo Wazungu waliwapa Wadakota na Walakota wote kwa pamoja. Hapakuwa na mwaka, mahali wala mtu.

Nilivaa glavu, kwa kuwa vitu vya enzi hizo mara nyingi vilinyunyiziwa aseniki kuzuia wadudu. Upinde ni mfupi, wa eshi, wenye kano mgongoni. Wekundu wa mgongoni umelika pale mkono uliposhika na pale mshale ulipopita, na penye mikwaruzo nikaona kitu ambacho kimenifanya nisilale mapema usiku huu: chini ya wekundu mkali kuna wekundu mwingine, mzito na wa udongo. Mtu aliupaka upinde huu akautumia, kisha akaupaka tena. Kipimo cha eksirei kingeweza kutofautisha zebaki ya zinjifuri na chuma cha udongo bila kuukwaruza, lakini hata bila kipimo jambo moja liko wazi, nalo ni kwamba rangi hii ilitunzwa kwa miaka kama upote ulivyotunzwa, na mwenye upinde aliishi nao vya kutosha kuhitaji kuurudia. Tumboni kuna mistari. Nimeitazama, sikuipiga picha.

Alasiri nilifika Calumet Bluff, karibu na bwawa la Gavins Point. Tarehe 30 Agosti 1804 wasafiri wa Lewis na Clark, maafisa waliotumwa na serikali ya Marekani kuichunguza nchi ya magharibi, walikutana hapa na Wayankton. Clark aliandika katika shajara yake kwamba wapiganaji walikuwa wamejipamba sana kwa rangi, miiba ya nungunungu na manyoya, kwamba wengi wao walitumia pinde na bunduki zilikuwa chache, na kwamba wavulana walionyesha ustadi wa kulenga shabaha, nao wakazawadiwa shanga. Bunduki ya wakati ule ilijazwa polepole kwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kazi isiyowezekana kirahisi juu ya farasi anayekimbia, na muda aliotumia mtu kuijaza mara moja ungemtosha mwenye upinde kuachia mishale mingi.

Jumamosi, Santee

Upande wa Nebraska wa mto Missouri liko eneo ambalo Wadakota waliookoka njaa na maradhi ya Crow Creek walihamishiwa mwaka 1866, nalo ni makao ya Wasantee, kama Wadakota hao wanavyoitwa, hadi leo. Mzee wa Morton alikuwa amenipa salamu za kumfikishia binamu yake, bibi aliyefundisha shule kwa miaka mingi na ambaye sasa husaidia kazi za urithi wa jamii yake. Nilimweleza kuhusu upinde wa jana: mti, kimo, kano, tabaka mbili za wekundu, na kwamba tumboni kuna mistari ambayo sikuichukua.

Hakushangaa. Aliniuliza mambo kwa mpangilio wa mtu aliyewahi kuyauliza mara nyingi: makumbusho yaliupokea mwaka gani, nani aliutoa, familia ya mtoaji ilikuwa na shamba wapi, namba iliyoandikwa kwa wino mweupe karibu na kishikio ni ipi, na kama umepimwa aseniki. Namba nilikuwa nayo. Jina la mtoaji limo katika daftari la zamani ambalo msimamizi wa makumbusho alinionyesha na ambalo yuko tayari kulitoa akiombwa rasmi. Bibi alisema kwamba familia zilizobaki na kumbukumbu ya mistari ya mababu zao zipo, hapa, na Flandreau, jamii nyingine ya Wadakota huko South Dakota, na Lower Sioux, na kwamba kazi ya kulinganisha mistari ni yao na haihitaji picha, kwa kuwa wataenda kuutazama wenyewe.

Tumeandika barua pamoja kwenye meza ya jikoni, yeye akiamua maneno na mimi nikinukuu namba na maelezo ya rangi kutoka kwenye daftari langu. Itatiwa saini katika ofisi ya urithi ya jamii Jumatatu asubuhi na kupelekwa siku hiyohiyo. Ameniagiza niongeze, chini ya maelezo ya mgongo wa upinde, kwamba tabaka la juu lisisafishwe kwa namna yoyote kabla hawajafika.